Boom, Diski na Mdogo Wangu

Boom la mwisho wa mwaka lilipoingia, wenzangu wa chumbani walinunua viatu, na mmoja akanunua jiko la umeme ambalo hosteli hairuhusu (namsitiri). Mimi nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikahesabu shilingi 170,000 na kukabidhiwa kitu chembamba kinachotoshea kiganjani, kimegandishiwa bati juu yake. SSD. Niliiweka kwenye soksi, soksi kwenye begi, begi nikalipakata kutoka Dar hadi Songea, na kutoka Songea hadi Mbinga.

Kabla hujanicheka, ngoja nieleze. Mdogo wangu ana banda la gemu Mbamba Bay, mita chache kutoka ufukweni. Televisheni moja ya inchi 32, PS4 moja, pedi mbili zilizofungwa gundi, na benchi. Mechi moja ni mia tano, anayefungwa anapisha. Alimaliza kidato cha nne akapata ziro, akakaa nyumbani Mbinga miezi mitatu akichuma kahawa ya mzee bila kusema neno, halafu akateremka ziwani na hakurudi. PS4 aliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa aliyoipata kwa kubeba dagaa.

Mwaka huu mzee alinipigia simu wiki ya mitihani. Alisema, "Wewe ndiye unasomea ualimu. Shuka ukaongee na mdogo wako arisiti." Hakuuliza kama naweza. Kwa hiyo ile SSD, nikisema ukweli, ilikuwa rushwa. Kwenye simu dogo alikuwa akilalamika kuwa mashine inakwama, gemu linachelewa kufunguka, wateja wanasonya. Nikawaza: nampelekea diski ya kasi, ananiona kaka wa maana, halafu naingiza suala la shule taratibu.

Sikumuuliza anahitaji diski ya aina gani. Nilitaka iwe saprais.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, kama kilomita 66, na ukishamaliza kona za milimani na mashamba ya ngoro yaliyotobolewa mashimo kama sega la nyuki, ziwa linajitokeza ghafla chini yako. Mbinga niliiacha nikiwa na sweta. Mbamba Bay nilishuka natoka jasho, mwera unavuma, mitumbwi imevutwa mchangani. Dogo alinipokea begi, tukaingia bandani, nikamtolea zawadi. Akaigeuza mara moja tu.

"Kaka, asante. Lakini hii ni ya PS5."

Kumbe SSD si SSD tu. PS4, ambayo ilitoka mwaka 2013, inatumia diski ya inchi 2.5, ileile ya laptop za zamani, inayochomekwa kwa mlango wa SATA. Ya kiwandani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachosoma juu yake, kama santuri. Unaweza kuitoa ukaweka SSD ya umbo lilelile. Ile niliyonunua mimi ni M.2, kijiti kinacholala moja kwa moja kwenye bodi ya mashine, na PS4 haina hata tundu la kukiweka. PS5 ndiyo inalo. Sony walilifungua rasmi kwa watumiaji wote Septemba 2021, na wanashauri kijiti kinachosoma megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi. SSD ya SATA ikijitahidi sana inafika kama 550. Haya yote nilielezwa na mtu mwenye ziro ya Fizikia, amekaa juu ya ndoo, huku akikusanya mia tano za watoto wa darasa la tano.

Nikamuuliza amejulia wapi. Akanionyesha daftari. Ukurasa wa kwanza una orodha ya namba, na mbele ya kila namba maelezo kwa Kiswahili. Nakumbuka moja: "CE-34878-0. Gemu limejifunga. Zima, washa. Ikirudia mara tatu, lifute uliweke upya." Alikuwa ananakili namba za makosa zinazotokea kwenye kioo, kwa sababu maneno ya Kiingereza yanayofuatana nazo hayamwambii kitu. Namba inamwambia. Alikuwa amesoma mashine nzima kwa kupitia namba.

Mimi nimefanya TP shule mbili. Nimeandika maandalio ya somo hadi kidole kikaota sugu. Sikumbuki mwanafunzi wangu hata mmoja kuniandikia daftari la namna ile.

Suala la shule sikuligusa siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata alisema tupande Mbinga. Kuna mnunuzi wa kahawa pale mjini, mtoto wake ana PS5 na analia nafasi. Ilikuwa siku za giza, na hapa msomaji wa bara nikupe elimu kidogo: dagaa wa Nyasa wanavuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, wavuvi wanabaki nchi kavu na hela mfukoni. Kwa hiyo biashara ya dogo inafuata mwezi. Mbalamwezi banda linajaa mpaka saa sita usiku, gizani anabaki na watoto. Kama ni kufunga siku moja, ni hizo.

Nyumbani kwa yule tajiri tulikaribishwa chai. PS5 ya mwanzo inatangazwa kuwa na gigabaiti 825, lakini zinazobaki kwa gemu ni kama 667, na gemu moja kubwa la siku hizi linaweza kula zaidi ya 100. Unaweza kuchomeka diski ya nje kwa waya wa USB, yule kijana alikuwa nayo, lakini gemu la PS5 haliwezi kuchezwa likiwa humo, linahifadhiwa tu. Ndiyo maana alikuwa kila wiki anafuta hili aweke lile.

Dogo aliomba rula. Nilikuwa na ile ya mathematical set kwenye begi. Akapima unene wa kijiti pamoja na bati lake la kupozea joto. Kisizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakifungi. Kikapita. Akazima mashine kabisa, akachomoa waya wa umeme, akashika dirisha la chuma kwanza. "Umeme wa mwilini," alisema, "unaua chipu bila wewe kusikia." Akavua ubavu mweupe wa PS5 kwa kuunyanyua na kuusukuma, bila kutumia kitu chochote, mama mwenye nyumba akashtuka, akadhani imevunjika. Ndani kuna kifuniko kidogo chenye skrubu moja. Akakitoa, akahamisha kile kiskrubu cha kushikilia hadi kwenye tundu la urefu wa kijiti chetu, kisha akanipa mimi bisibisi.

"Weka wewe."

Nikasema sijawahi. Akasema ndiyo maana. Kinaingia kwa mshazari, kinasimama chenyewe kama mkono ulionyooshwa, unakilaza polepole, unafunga. Mikono ilinitetemeka kweli. Alikuwa amesimama nyuma yangu kimya, hakuninyang'anya bisibisi hata nilipokosea skrubu mara mbili. Mwalimu wangu wa mbinu za kufundishia angempa A.

Mashine ilipowaka ikaomba ruhusa ya kuifomati diski mpya, halafu ikaonyesha kasi yake: zaidi ya megabaiti 6,000 kwa sekunde. Tajiri akatulipa 200,000. Faida ya elfu thelathini juu ya ujinga wangu. Tukapitia kwa fundi wa laptop palepale mjini, tukanunua SSD ya SATA, gigabaiti 480, kwa 95,000, tukateremka.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoionea aibu.

Usiku ule dogo alinakili kwenye fleshi yake yote yaliyosevuliwa kwenye PS4: ligi za wateja, timu zao, mabao yao. Ni lazima, kwa kuwa diski mpya inaanza tupu. Asubuhi akaenda kununua mkate. Mimi nikawasha laptop nimsaidie. Unapobadilisha diski ya PS4 unatakiwa uweke programu yake upya: unatengeneza folda iitwayo PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake faili lenye ukubwa wa kama gigabaiti moja, kwenye fleshi. Faili nilikuwa nalo. Kiingereza cha maelekezo nilikisoma kama gazeti. Maelekezo yakasema fleshi iwe exFAT au FAT32. Nikaifomati.

Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika.

Aliporudi na mkate nilikuwa nimeshamaliza, natabasamu. Akaangalia fleshi ilivyochomekwa, akaangalia laptop. Hakupiga kelele. Alirudisha diski ya zamani kwenye PS4, akawasha. Diski ile kwa miezi ilikuwa inalia kama kuku anayedonoa bati, kila umeme unapokatika ghafla inazidi. Ikadonoa mara tano, ikanyamaza. Kwenye kioo: CE-34335-8. Akafungua daftari ingawa nadhani alikuwa anaikumbuka. Mbele ya namba ile aliandika maneno mawili: "Diski imekufa."

Tuliweka SSD mpya bila kuongea. Kwenye PS4 Slim ni kazi ya dakika kumi: kifuniko kidogo cha kona ya nyuma, skrubu moja, unavuta trei, unahamisha diski, unarudisha. Tukaweka programu, tukaweka gemu. Nikapima kwa simu, maana nilitaka angalau kitu kimoja kiwe kimeenda vizuri. Zamani, kutoka kuchagua timu hadi mpira kuanza, alikuwa amehesabu sekunde 52. Sasa 30. Ukipiga hesabu ya mechi arobaini za usiku mmoja wa mbalamwezi, unaokoa kama robo saa, yaani mechi mbili, yaani shilingi elfu moja. Kwa kasi peke yake diski ya 95,000 itajilipa baada ya usiku 95. Wanaokwambia SSD itabadilisha PS4 yako iwe PS5 wanakuuzia. Faida yake halisi ni kwamba haina sahani ya kuzunguka wala kichwa cha kugonga, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna kinachokwaruzana. Nilimwambia dogo anunue na UPS. Akasema ndiyo, kama nitamletea, na kama nitauliza kwanza ni ya aina gani.

Ndipo nikamwambia nilichotumwa. Nilikuwa sina cha kujivunia tena, labda ndiyo maana ilikuwa rahisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kurisiti hawezi, atapata ziro nyingine na mzee ataumwa mara mbili. Akauliza VETA Songea wanafundisha elektroniki? Wanaingizaje? Na je, Kiingereza cha kwenye mashine, si cha shule, cha kwenye mashine tu, naweza kumfundisha?

Siku hizi kidato cha kwanza wana mkondo wa amali, umeanza 2024. Nimeandika insha nzima kuusifu, nikapata alama nzuri. Dogo alishatoka shule.

Mzee nilimpigia kutoka ufukweni. Nikamwambia kurisiti hakuna, lakini kuna VETA. Alinyamaza muda, nikawa nasikia watu wanapakia kahawa nyuma yake. Kisha akauliza, "Ada yake kiasi gani?" Nikasema nitauliza. Akasema, "Uliza kwanza," akakata.

Mbalamwezi ilikuja nikiwa bado huko. Kuna mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye watoto, ambaye kwa muda wa miaka miwili alikuwa amejenga timu yake kwenye gemu. Wachezaji wote aliwapa majina ya wenzake wa mtumbwini, wakiwemo wawili ambao ziwa liliwachukua. Timu hiyo ilikuwa kwenye fleshi. Dogo alikuwa amenitaka nikamwambie mwenyewe. Nikamwambia mbele ya watu, kwamba ni mimi niliyefuta.

Alinitazama. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Basi shika pedi, uandike."

Kwenye PS4 jina linaandikwa herufi moja moja, unatembeza kidole juu ya kibodi iliyo kwenye kioo. Alikuwa ananitajia, jina la kwanza, jina la baba, namba ya jezi, mguu anaopigia. Banda zima lilikuwa linasubiri mechi na hakuna aliyesonya. Wale wawili aliwataja kwanza, kipa na beki wa kushoto. Akanisahihisha tahajia. Tulifika mchezaji wa kumi na tisa, umeme ukakatika.

Dogo akacheka gizani. "Ulisevu?"

Sikuwa nimesevu. Umeme uliporudi, mvuvi alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi, tukaanza tena na kipa.