Kilima cha Dola Bilioni 62

Mwaka 2013 kampuni moja ya utafutaji madini ilitangaza kwamba chini ya kilima cha Mrima, huku kwetu Kwale, kuna niobi na madini adimu yenye thamani ya dola bilioni 62.4. Nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka namba hiyo ilivyosafiri: ilitoka redioni, ikapanda matatu za Lunga Lunga, ikashuka sokoni ikiwa imenenepa. Mwalimu wetu wa hesabu aliigeuza kuwa shilingi ubaoni, ikapita trilioni tano, na darasa zima likacheka kwa sababu hakuna aliyejua kicheko kingine cha kucheka mbele ya kitu kama hicho.

Mwaka jana ami alinipigia simu. Siku hizi nina shahada ya jiolojia na kazi ya kutafuta mahali pa kuchimba visima, kazi isiyo na dola bilioni hata moja. Dalali alikuwa amemfuata mara tatu akitaka shamba letu lililo chini ya kilima, ekari sita za mikorosho na mihogo, kwa laki nne kila ekari. Binti yake ami alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na karo haikuwepo.

"Wewe ndiye tuliyekusomesha mawe," akaniambia. "Njoo utuambie tunauza nini."

Nikaenda.

Mrima si kilima cha kutisha. Kilele chake hakizidi sana mita 300 juu ya usawa wa bahari, nacho kimefunikwa na msitu mzito hadi juu. Kwa Kidigo jina lenyewe maana yake ni mlima tu, kwa hiyo ramani zinazoandika "Kilima cha Mrima" zinasema kilima cha kilima. Lakini ndani yake kuna mwamba usio wa kawaida. Sehemu kubwa ya miamba iliyotokana na uji wa moto kutoka chini ya ardhi imejaa silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo. Mwamba wa Mrima ni kabonatiti: ulitoka chini ukiwa umejaa kaboneti, jamaa wa chokaa, ukapenya katika miamba ya mchanga ya Duruma zama za Kretasia, dinosaria wangali wanatembea duniani. Volkano moja tu duniani bado inatapika uji wa aina hiyo, Oldoinyo Lengai ya kaskazini mwa Tanzania. Uji wake hutoka mweusi, mwepesi kama mafuta, na baada ya muda mfupi hugeuka mweupe.

Uji wa kabonatiti hupanda ukiwa umebeba vitu ambavyo miamba mingine haikuvitaka: niobi, thoriamu, fosfeti, na lile kundi la elementi 17 tunaloliita madini adimu. Kisha mvua ikafanya kazi yake. Kwa mamilioni ya miaka maji ya kitropiki yaliyeyusha kaboneti na kuiosha, yakaacha nyuma udongo mzito wa chuma na manganisi, na ndani yake yale yasiyoyeyuka yakazidi kukolea. Utajiri wa Mrima, kama ndilo neno, ni machicha: kile kilichobaki baada ya mvua kukamua kilima. Hata Araxá kule Brazil, ambako niobi nyingi ya dunia inachimbwa, ni hadithi hiyo hiyo ya kabonatiti iliyooza juani na mvuani.

Nilimweleza ami haya chini ya mwembe, kwa kijiti na mchanga. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza kwa nini, kama ni hivyo, hakuna aliyechimba.

Hapo ndipo historia inapokuwa ndefu kuliko jiolojia. Watafutaji wa mwanzo walivutiwa na manganisi. Miaka ya 1950 ikajulikana kwamba kuna niobi, na tangu hapo kampuni za kigeni zimekuja kwa zamu, zikachoronga, zikapima, zikaondoka. Kila bei ya soko la dunia inapopanda, kilima kinakumbukwa. Hicho ndicho kinachoitwa mahali pa matarajio. Kinaweza kubaki hivyo miaka 70 bila kutoa gari moja la mbale.

Ile namba ya 2013 ilipatikana kwa kukadiria tani zilizomo, kuzizidisha kwa kiwango cha madini, kisha kwa bei. Ni kama kuhesabu samaki wote wa kutoka Vanga hadi Shimoni na kuwapigia bei ya sokoni, bila mashua, bila barafu, bila kujiuliza nani atakula samaki wote hao. Niobi hutiwa kidogo kidogo kwenye chuma cha mabomba na madaraja ili kiwe imara. Soko lake ni dogo, na Brazil imelishika. Madini adimu yanatakiwa sana sasa, kwa sababu sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo zinahitaji neodimiamu, lakini kuyatenganisha moja baada ya jingine ni kazi ya asidi na hatua nyingi ambayo China imeitawala.

Leseni yenyewe haikudumu. Kampuni ilipewa Machi 2013, mwezi ule ule wa uchaguzi mkuu, na Agosti serikali mpya ikaifuta. Kampuni ikaipeleka Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa ulio chini ya Benki ya Dunia. Oktoba 2018 wasuluhishi wakaamua upande wa Kenya: leseni ilitolewa bila kufuata sheria, bila kibali cha tathmini ya mazingira, na kwenye ardhi ambayo ni msitu wa hifadhi na pia kaya, turathi ya kitaifa tangu 1992. Naipenda hukumu hiyo kwa sababu isiyo ya kisheria. Miti ambayo wazee waliilinda kwa miiko tu, kwa kukataza shoka na kuchagua nani aingie na kwa jambo gani, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoangusha madai ya fedha nyingi mno.

Ami hakutaka hukumu. Alitaka laki nne kila ekari, au zaidi.

Kulikuwa na mambo mawili ya kumwambia. La kwanza lilikuwa sheria. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, hata ukiwa na hati ya shamba juu yake. Ukiuza shamba huuzi niobi, kwa sababu haijawahi kuwa yako. Mgodi ukifunguliwa, mrabaha unagawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Anayenunua ekari za mikorosho ananunua nafasi ya kusimama kwenye foleni ya fidia. Watu wa hapa wanaijua foleni hiyo. Mgodi wa mchanga wa titani ulikuwa jirani, ulianza kusafirisha 2014 na ukafunga kazi Desemba 2024.

La pili lilikuwa gumu zaidi kulisema. Mbale iko kilimani, na shamba letu liko chini, nje ya mpaka wa kabonatiti, juu ya mwamba wa mchanga. Nililipita lote kwa miguu na nyundo yangu ili kuwa na hakika.

Ami akanyamaza kidogo. "Basi hilo usimwambie dalali."

Bibi alikuwa pembeni akibangua korosho, tukidhani hasikilizi. Akaniuliza, "Wakishatoa hicho wanachokitaka, hayo mengine wanayaweka wapi?"

Chuoni nilifanya mitihani minne kuhusu kabonatiti na hakuna mtihani hata mmoja ulioanzia hapo. Nikamwambia ukweli: sehemu kubwa ya kitakachochimbwa ni takataka, na ndani yake kuna thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Udongo wa Mrima tayari unajulikana kwa wanasayansi kwa mionzi yake ya asili. Kikiwa kimelala chini ya msitu kinabaki mahali pake. Kikisagwa kinakuwa vumbi na tope, na tope linahitaji bwawa, na bwawa linahitaji mtu wa kulilinda. Akauliza kwa muda gani. Nikamwambia thoriamu huchukua miaka bilioni 14 kupungua nusu.

"Nani atalinda?" akasema, na akaendelea na korosho zake.

Wiki mbili baadaye bibi alikubali ekari mbili ziuzwe, zile za upande wa barabara. Za juu zina makaburi na hazikujadiliwa. Mimi nilisoma mkataba mstari kwa mstari na nikahakikisha fedha inaingia benki kabla ya wino kukauka. Binti ya ami yuko chuoni sasa.

Kabla ya kutia saini dalali alinipigia simu, namba yangu aliipata sijui wapi. "Dada, nasikia wewe ni mtu wa mawe. Niambie kwa uaminifu, hapo chini kuna nini?"

Nilimfikiria ami na karo. Kisha nikamwambia: mwamba wa mchanga, na ukichimba kisima utapata maji ya chumvi kidogo. Mbale ikiwepo, iko kilimani.

Akacheka. "Hilo nalijua, dada. Lakini barabara ya malori itapita wapi?"