Mbuzi Watano na Mbwa Wasio na Mwenyewe

Alikuja kabla ya saa moja asubuhi, akisukuma toroli la kubebea maji. Siku hiyo halikuwa na madumu. Ndani yake alilala mbuzi jike mwenye mabaka meusi, mapaja yameraruliwa, sikio moja limeng'olewa. Katika sikio lililobaki ilining'inia hereni ya plastiki yenye namba. Mzee aliegesha toroli mbele ya geti langu, akapiga hodi, na nilipotoka hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mwalimu, hawa mbwa wako walilala hapa?"

Nilijibu kabla sijafikiri. "Mbwa wangu hufungwa usiku, mzee."

"Haya, mwanangu. Nimeuliza tu." Akageuza toroli lake, akaelekea geti la jirani.

Mbwa wangu hawafungwi usiku. Hufungwa mchana na kufunguliwa saa nne usiku, maana hiyo ndiyo kazi niliyowanunulia. Nako nyuma ya nyumba kuna geti dogo ambalo fundi aliacha uwazi chini yake. Tangu tuhamie nimekuwa nikiahidi kulirekebisha. Nusu saa baada ya mzee kuondoka, kijana anayetusaidia kazi za nyumbani aliniita kwenye banda, akanionyesha yule dume. Kifuani alikuwa na damu iliyokauka, na kwenye kidevu yameganda manyoya meupe na meusi. Kijana hakusema neno. Nami sikusema, ila nilimwagiza amwoshe. Kisha nikavaa koti, nikaenda kufundisha. Somo langu ni utawala wa umma, na juma lile tulikuwa katika mada ya uwajibikaji. Sisemi hivyo ili nichekeshe.

Inafaa msomaji alifahamu eneo lenyewe. Tunaishi pembezoni mwa mji mmoja wa Kanda ya Kati, mahali ambapo si miaka mingi iliyopita palikuwa malisho. Viwanja vilipimwa, watumishi wa umma na wahadhiri tukanunua, tukajenga kuta za tofali zenye vipande vya chupa juu yake. Wenyeji wakabaki katikati yetu na mazizi yao ya miiba. Sisi tulikuja na mbwa. Wengi wetu hatuwapendi kwa maana halisi ya kupenda. Tunawaogopesha wezi kwao. Tunawalisha dona na dagaa, tunawafungia bandani kutwa nzima, na giza likiingia tunawaachia dunia.

Jioni ya siku ile mwenyekiti wa mtaa aliita kikao. Mbuzi waliouawa walikuwa watano. Nyumba zenye mbwa katika njia ile ni tisa, na wenye nyumba wote tisa tulihudhuria, jambo ambalo halijapata kutokea katika vikao vya usafi. Kila mmoja alieleza jinsi mbwa wake anavyofungwa. Jirani mmoja, mtu mwenye cheo chake, akasema pengine ni fisi.

"Fisi hula," mzee akamjibu. "Angeingia fisi ningekuta pembe na damu. Hawa wameuawa mchezo."

Alikuwa akisema jambo ambalo kila mfugaji analijua. Chui hukaba koo. Fisi huvunja mifupa na kuondoka na nyama. Mbwa wa nyumbani aliyeshiba hukimbiza. Huuma popote mdomo unapofikia, paja, sikio, tumbo, na mbuzi akiacha kukimbia humwacha na kumfuata mwingine. Ndiyo maana asubuhi unakuta mizoga mingi iliyoliwa kidogo.

Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, aliuliza alilopaswa kuuliza: "Mzee, una shahidi?"

"Shahidi wangu yuko kwenye toroli."

"Huyo hawezi kututajia mbwa."

Nilikuwa nimeketi mstari wa pili. Nilinyamaza hadi kikao kikafungwa kwa ahadi kwamba "uchunguzi utaendelea", maneno ambayo nimeyakejeli mara nyingi yakisemwa na wakubwa.

Ilinichukua siku kumi na moja. Usiku wa siku hiyo nilikwenda kwa mzee nikiwa na bahasha yenye thamani ya mbuzi watano kwa bei ya mnadani. Nilimweleza yote, hata habari ya kumwosha mbwa. Alinisikiliza, akahesabu fedha polepole chini ya taa ya sola, akatoa sehemu ya mbuzi wawili na kunirudishia iliyobaki.

"Walikuwa mbwa sita. Niliwaona wakitoka. Wako wawili," alisema. "Sikudai deni la wenzako."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu siku ile pale getini, na aliponiuliza alikuwa akinipa nafasi. Nilimsihi apokee zote. Alikataa, tena kwa ukali kidogo, akisema nikimlipia mtu asiyetubu nitakuwa nimenunua mbuzi mmoja na uongo mmoja. Nilirudi nyumbani na bahasha mkononi.

Tangu usiku ule ninafikiri juu ya wale watatu. Toba yangu, kama inastahili jina hilo, ililipia wawili tu. Watatu waliobaki wamo mikononi mwa majirani ambao kila mmoja anaweza kuapa, na pengine kwa imani safi, kwamba hajui mbwa wake alikuwa wapi saa tisa usiku. Hapa ndipo ninapoona jambo hili limetoka katika tabia za watu na kuingia katika sheria.

Tazama jinsi ambavyo tumeyapanga. Laiti angeingia simba zizini, mzee angekuwa na mlango wa kubisha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake za 2011, imeweka malipo kwa anayepata hasara kutokana na wanyama wakali: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Serikali imekuwa makini isiyaite fidia, na malalamiko juu ya udogo na ucheleweshaji wake yamejaa katika Hansadi za Bunge. Hata hivyo mlango upo. Kenya wameliita fidia waziwazi, na katika orodha ya wanyama iliyomo kwenye sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 yumo hata mbwa mwitu. Fikiri juu ya hilo. Mbwa wa porini, asiyejua binadamu, ana mwenyewe anayeweza kudaiwa, nayo ni dola. Mbwa aliyenunuliwa, akapewa jina la Kiingereza na kujengewa banda la bati, akivuka geti tu hana mwenyewe.

Halafu kuna ile hereni. Tangu mwaka 2010 tuna sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na mfugaji amesumbuliwa kwa jina lake, kwa kampeni na kwa gharama, mpaka mbuzi wake akawa na namba. Aliyeuawa alikuwa na namba, waliomuua hawakuwa nayo. Maskini amesajiliwa kuliko mlinzi wa tajiri.

Niliposomea shahada ya uzamivu niliishi Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Mama mwenye nyumba alikuwa na mbwa mzee, mvivu, ambaye asingeweza kukimbiza hata kuku, lakini shingoni alivaa kibati chenye namba. Wakati ule niliona ni mambo ya Wazungu na mbwa wao. Baadaye nilisoma sheria yenyewe, nikakuta haikutungwa kwa mapenzi ya mbwa. Kila mbwa aliyefikisha miezi mitano hukatiwa leseni kila mwaka, na haitolewi bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kiwango cha chini ni dola 3 kwa mbwa aliyehasiwa na dola 8 kwa asiyehasiwa. Fedha hizo huingia katika mfuko wa kaunti, na kutoka mfuko huo hulipwa mfugaji ambaye mnyama wake amejeruhiwa au kuuawa na mbwa, kwa thamani ya sokoni. Hakuna anayelazimika kwanza kumtaja mbwa. Mwenye mbwa akijulikana, kaunti yenyewe ndiyo inayoweza kumfuata. Yule ajuza aliyekuwa na mbwa mvivu alikuwa akichangia kondoo wa mkulima asiyemfahamu, kwa sababu tu naye alikuwa miongoni mwa wenye mbwa.

Waingereza, ambao tulirithi kwao mizizi ya sheria zetu, walishughulikia nusu tu ya tatizo. Kanuni yao ya zamani ilimtaka mwenye hasara athibitishe kwamba mwenye mbwa alikwishajua ubaya wa mbwa wake, kana kwamba kila mbwa anaruhusiwa mbuzi wa kwanza bure. Bunge lao lilibadilisha hilo kwa upande wa mifugo mwaka 1865, likalirudia katika Sheria ya Mbwa ya 1906. Lakini hata hivyo mbwa lazima ajulikane. Leseni nayo walikuwa nayo, shilingi saba na senti sita za kwao tangu 1878, na bei hiyo haikupandishwa kwa zaidi ya karne moja. Ilipofutwa mwaka 1987 ilikuwa peni 37, na kuikusanya kulikuwa na gharama kuliko mapato yake. Wala sishangai. Leseni isiyomlipa mtu yeyote hukosa mtu wa kuitetea.

Najua watumishi wenzangu wa umma wanaposoma neno leseni wanaona chanzo kipya cha mapato, na hilo ndilo linalonitisha. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo zinazohusu mbwa. Ada ikiingia katika kapu kuu itageuka posho na mafuta ya gari, na mzee atabaki na toroli lake. Mfuko uwe peke yake, kitabu chake kibandikwe ofisi ya mtaa: mbwa wangapi wamelipiwa, mbuzi wangapi wamelipwa.

Chanjo nayo isiunganishwe na ada, na hapa ninaachana na Wisconsin. Kichaa cha mbwa humwingia binadamu kupitia mbwa karibu katika kila tukio, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na ili kuukata ugonjwa inabidi mbwa wapatao asilimia 70 wachanjwe. Ukimdai fedha mtu wa kijijini siku ya chanjo, atamficha mbwa au atamtupa porini. Achanjwe bure kila mbwa. Leseni imdai mwenye ukuta.

Hata hili si rahisi kama ninavyolisema. Mzee mwenyewe ana mbwa, mwembamba, wa rangi ya udongo, anayekwenda na mbuzi malishoni. Kwa sheria ya Wisconsin, mfugaji ambaye hajamkatia leseni mbwa wake mwenyewe halipwi chochote. Ningependa kanuni hiyo ingetufunga sisi tisa. Sipendi imfunge yeye. Nilipomweleza, aliniuliza leseni ni kiasi gani, nikasema labda bei ya trei ya mayai kwa sisi, bei ya yai moja kwake. Alisema atalipa, mradi na yeye apewe kile kibati. Wapo pia watakaoleta mizoga ya mbuzi waliokufa kwa maradhi na kudai mbwa. Watakuwapo. Daktari wa mifugo anayejua tofauti ya jino la fisi na la mbwa si mtu adimu, na mzee kama huyu angeweza kumfundisha.

Uwazi chini ya geti dogo nimeuziba kwa zege. Majirani wawili nimezungumza nao ana kwa ana. Mmoja aliniambia nisimletee siasa za chuoni, mwingine alinyamaza kwa namna ninayoifahamu vizuri. Mwenyekiti amekubali jambo hili liwe ajenda ya mkutano ujao wa mtaa, nami nimeombwa kuandaa maelezo ya ukurasa mmoja. Ukurasa huo utaanza na jina langu na idadi ya mbwa wangu.

Kila asubuhi kundi hupita mbele ya nyumba yetu, hereni zikitikisika. Mbwa wangu husimama nyuma ya geti na kuwatazama. Mzee huinua fimbo kunisalimu. Mbuzi watatu bado hawajalipwa.