Sentimita tatu za shangazi

Najua nimepotea miezi miwili bila kuandika chochote. Shangazi yangu ni mgonjwa, na leo nataka niwaeleze nilichojifunza, maana ndani yake mna teknolojia.

Shangazi anauza samaki Dunga, hapa Kisumu. Mwaka 2023 alitolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Akapata nafuu, akarudi kwa samaki wake. Aliambiwa arudi kupimwa kila miezi sita. Hakurudi. "Siumwi kitu, nauli ya nini?" Alipokuja kupimwa altrasaundi, doa likaonekana kwenye ini. Saratani ilikuwa imehamia huko.

Usiku huo nilifanya kile ambacho sisi waprogramu hufanya tukikwama: nikaingia kwenye intaneti. Nikakuta habari za kuchoma uvimbe kwa sindano. Daktari hupitisha sindano ndefu nyembamba kwenye ngozi, akiiongoza kwa altrasaundi au CT skani mpaka ndani ya uvimbe. Ncha yake hutoa mawimbi. Hapo nikashangaa: mashine nyingi za aina hii hutumia gigahezi 2.45, masafa yale yale ya jiko la maikrowevu, na jirani kabisa na ya Wi-Fi ya nyumbani kwako! Tofauti ni nguvu. Wi-Fi yako haifiki wati moja; sindano hupewa makumi ya wati. Maji yaliyo ndani ya seli hutikiswa, joto hupanda, na likifika nyuzi 60 seli hufa karibu papo hapo. Tumbo halipasuliwi.

Je, inafaa kweli? Utafiti wa COLLISION, ulioongozwa na Waholanzi na kuchapishwa 2025, ulifuata wagonjwa karibu 300 ambao saratani ya utumbo ilikuwa imehamia kwenye ini. Waliochomwa hawakuachwa nyuma na waliopasuliwa, na madhara yalikuwa machache. Lakini uvimbe uliolinganishwa haukuzidi sentimita 3.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma haraka haraka. Nikachapisha karatasi zangu, tukapanda basi la Nairobi.

Daktari akatazama picha, akaniuliza kwa upole, "Umeona ukubwa wake?" Sentimita 4.8, kando ya mshipa mkubwa wa damu. Joto la sindano lazima lifunike uvimbe wote na ukingo wa ini unaouzunguka. Tena damu inayopita pale hubeba joto, kama feni inavyopoza prosesa, na seli za pembeni hubaki hai. Akashauri dawa za kemo kwanza. Ukipungua, tutazungumza tena habari ya sindano.

Kwenye basi la kurudi shangazi akaniuliza, "Mwanangu, ningekuja mapema je?" Nikatazama dirishani.

Sasa nimeandika programu ndogo, mistari 40 tu. Wiki moja kabla ya kila tarehe ya hospitali inatutumia ujumbe wa simu, yeye na mimi. Nauli naweka mimi. Ndiyo programu rahisi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilifaa niiandike 2023.

Kama una mtu wako aliyetolewa saratani ya utumbo, mpigie leo. Muulize tarehe yake ya kupimwa ni lini.

Tuombeane. Tuko pamoja.