Jina la Mke Katika Hati

Washairi tumezoea kusema kwamba wapendanao ni nafsi moja. Ni kauli tamu, nasi huitunga kwa mizani na vina bila ya kujiuliza inagharimu kiasi gani. Sheria ya kodi ya Uingereza nayo imekuwa ikiisema kauli hiyo tangu zamani, ila yenyewe huisema kwa pauni.

Hapo kale, mwanamke wa Kiingereza alipoolewa, mali yake kwa kawaida ilihamia mikononi mwa mumewe. Ilibidi ije Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa, ya mwaka 1882, ndipo akaweza kumiliki chake akiwa ndani ya ndoa. Hata hivyo, kwa mambo ya kodi, pato la mke liliendelea kuhesabiwa kuwa la mume hadi Aprili 1990. Katika miaka ya 1980 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba, mkopo usiozidi pauni 30,000. Wawili walioishi pamoja bila ya ndoa walipata kila mmoja kiwango chake, ikawa 60,000 kwa nyumba moja. Mke na mume wakapewa kiwango kimoja baina yao. Machi 1988 Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, alitangaza kwamba tangu tarehe 1 Agosti nafuu hiyo itahesabiwa kwa nyumba, si kwa mtu. Nafuu yenyewe ilifutwa Aprili 2000.

Leo mzigo umehamia kwenye ushuru wa stempu. Tangu Novemba 2017, huko England na Ireland ya Kaskazini, yuko mtu anayeitwa “mnunuzi wa mara ya kwanza”, naye husamehewa ushuru. Tangu Aprili 2025 msamaha huo ni wa pauni 300,000 za mwanzo, maadamu bei ya nyumba haizidi 500,000. Wakinunua wawili, sharti wote wawili wawe wa kwanza.

Binti ya dada yangu, anayeishi huko na mumewe, aliniletea karatasi hizo nimfasirie. “Mjomba,” akaniuliza, “mimi sijanunua hata kibanda. Vipi si wa kwanza?” Jawabu limo katika lugha. Jina la msamaha lataja kununua, ilhali sheria yenyewe yauliza kumiliki, popote pale duniani, hata kwa kurithi. Marehemu babake aliacha nyumba Mombasa. Binti akapata fungu, nusu ya fungu la kaka yake. Nusu hiyo ilitosha kumwondolea ukwanza, na kwa kuwa wananunua pamoja, kumwondolea na mumewe ambaye hajapata kumiliki tofali. Lau ningeachiwa mimi, ningelifasiri neno lile “asiyewahi kumiliki nyumba”, ili msomaji asidanganyike mlangoni.

Nyumba waliyoitaka ilikuwa ya pauni 300,000. Wangenunua wakiwa wa kwanza wote wawili, wasingelipa kitu. Sasa ushuru ni pauni 5,000. Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika kutoka kwa jamaa na marafiki: mume na anunue peke yake, jina la mke liachwe nje. Waama, njia hiyo nayo ina miiba, kwani mwenzi akiwa na nyumba nyingine, aghalabu ndoa huwahesabu kuwa mmoja, na ushuru ukaongezwa asilimia 5 ya bei yote. Lakini lililonishitua mimi si hesabu. Ni kwamba sheria iliyochukua karne nyingi kumpa mke jina lake sasa yampa mume sababu ya kulifuta, tena kwa hiari na kwa tabasamu.

Sisi wa pwani tuna la kusema hapa. Katika sheria tuliyolelewa nayo, mahari ya mke ni yake, urithi wake ni wake, wala ndoa haimeng’enyi mali yake ikawa ya mume. Mapungufu yetu yapo, na fungu lile la nusu ni mjadala unaojitegemea. Lakini jina la mke halikupata kuzama ndani ya jina la mumewe.

Nilimwambia mume, kwa heshima anayostahiki mkwe, kwamba simshuku. Hati haiandikwi kwa ajili ya siku za mapenzi. Siku hizo hazina haja ya hati. Huandikwa kwa ajili ya kifo, talaka, na madeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mke asiyekuwamo katika daftari ni mpangaji katika nyumba aliyoisaidia kulipiwa.

Walilipa pauni 5,000. Majina yote mawili yameandikwa, moja chini ya jingine, kama mishororo miwili ya ubeti mmoja: kila mmoja na mizani yake.