Vua Maski, Mpwa Wangu

Kamina, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako magoti yanamsumbua, lakini sombe bado anatwanga mwenyewe, na ukitaka kumpokea mchi anakasirika. Umeme umekatika tangu juzi. Naandika kwa mshumaa, na simu yangu iko kwa jirani mwenye sola. Ndiyo maana hukupata jibu la ile sauti uliyonitumia Alhamisi. Na kusema kweli, nilipoisikiliza mara ya tatu niliona haijibiki kwa simu. Inataka karatasi.

Unalalamika kwamba mwalimu wako wa Mombasa anakuchosha. Mtihani wa kuvua maski chini ya maji umeshaufaulu, cheti unacho, na bado kila mnapozamia anakujia kwa nyuma na kukuvua maski kama mtoto wa siku ya kwanza. Ukasema, “Mjomba, nimekuja kujifunza kushuka mita 60, sikuja kuchezewa uso.” Nilicheka. Halafu kicheko kikanikatika, maana nilimkumbuka mtu mmoja wa Bukama.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ilikuja kampuni moja, jina lake naliacha, kukagua nguzo za daraja la Lualaba. Mimi nilikuwa kijana wa reli, nikapewa kazi ya kukaa mtumbwini na kushika kamba ya mzamiaji. Mwenyewe alikuwa fundi hasa, mtu mpole wa miaka mingi kazini, anavaa mtungi huku akipiga hadithi. Siku ya tatu mto ulikuwa umebeba matete na matawi. Tawi likampiga usoni, maski ikaenda na maji. Kina kilikuwa mita sita tu. Hewa alikuwa nayo tele mtungini, kipumulio kiko mdomoni, kamba yake iko mkononi mwangu. Kilichompungukia ni kioo tu. Lakini maji yalipomwingia puani alibana pumzi na kufyatuka juu kama kizibo. Tulipomvuta mtumbwini alikuwa akikohoa povu jekundu. Ile hewa aliyoibana kifuani ilitanuka alipokuwa akipanda, ikampasua pafu.

Alipona, ila majini hakurudi tena. Nilipompelekea chai hospitalini nilimuuliza zoezi la maski alilifanya lini mara ya mwisho. Akaniambia: siku ya mtihani. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita.

Wewe unadhani maski ni jambo la macho. Mimi nasema shida iko puani. Sisi tuliokulia Kinkondja tulijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Ziwa letu, Kisale, ni matope na mafunjo. Ukizamia kunasua wavu, kufumbua macho na kufumba ni mamoja. Babu yako hakuhangaika kutufundisha kuona. Alitusimamisha kwenye maji ya kiunoni, tunatumbukiza nyuso, tunatoa hewa puani kidogo kidogo kama mtu anayeguna wimbo, asubuhi hadi asubuhi, mpaka pua ikaacha kushtuka. Ndipo akaturuhusu kugusa wavu. Mamba tulimwachia Mungu.

Nawe ni hivyo hivyo. Kuvuta hewa kwa mdomo huku pua imejaa maji si jambo ambalo mwili unalipenda. Koo lazima lijifunze kufunga njia ya pua, na likikaa bila kukumbushwa linasahau. Cheti chako hakisahau, kimetulia kwenye bahasha. Koo linasahau.

Tena wewe hujaenda kujifunza uzamiaji wa watalii wa kutazama samaki. Yule mtu wa Bukama alikuwa na juu pa kukimbilia, ingawa alipakimbilia vibaya. Wewe utakuwa huna. Umenieleza mwenyewe: katika mita 60 unabebeshwa uzito mara saba wa ule anaoubeba mtu aliyeketi ufukweni, na gesi inakuingia mwilini, na kutoka ni lazima itoke taratibu. Unasimama mita 21, unasimama tena juu yake, unasimama mita sita muda mrefu kuliko wote. Nikakuelewa mara moja, kwa sababu hiyo ni reli. Hapa Kamina zinakutana njia za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, na hakuna dereva anayepita stesheni bila ruhusa eti kwa kuwa ana jambo la haraka. Ukiruka kituo, gesi inafanya mapovu ndani ya damu, na hapo unaweza kupooza au kufa. Kwa hiyo siku maski itakapochukuliwa, itabidi ukae chini, kipofu, pua imejaa chumvi, na kila kituo ukitimize kama kawaida.

Kuna jambo lingine lililoninyima usingizi. Umesema ubavuni unaning'iniza mitungi miwili: mmoja una oksijeni nusu, huo ni wa kuanzia mita 21, wa pili ni oksijeni tupu, usioruhusiwa kuuvuta chini ya mita sita. Sasa niambie, bila maski utasomaje maandishi ya mtungini? Ukikosea, ukavuta ile oksijeni tupu kwenye mita 21, unaweza kushikwa na degedege kama mtu wa kifafa, kipumulio kikakutoka mdomoni, basi. Hilo ndilo zoezi ninalotaka ulifanye mpaka likuchoshe: umevuliwa maski, unatafuta mtungi kwa mkono, unafuata mpira wake kwa vidole kutoka kwenye valvu hadi mdomoni, na mwenzako anakushika mkono na kuthibitisha ndipo uvute. Ukubaliane naye lugha ya kubinyana kabla hamjaingia majini, maana ishara za vidole hutaziona.

Hapo hapo Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye kivuko MV Harambee pale Likoni likazama na mama na binti yake mdogo. Sisi huku tulifuatilia redioni. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58. Siku 13 taifa zima limesimama ufukweni likiuliza kwa nini wazamiaji wanachelewa. Waliouliza hawakujua vituo, wala giza la mkondo ule, ambamo hata mwenye maski haoni mbali. Kazi za namna hiyo ndizo utakazoitiwa ukirudi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na macho yako hayatakusaidia sana.

Najua kilichokupeleka huko. Ni kosa langu mwenyewe, mimi ndiye niliyekusimulia ukiwa mdogo habari za Mimi na Toutou, zile mashua mbili za Waingereza zilizopita Bukama mwaka 1915 zikashuka na Lualaba kwenda kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu hapo unaota kuiona Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani waliyoizamisha Waingereza Februari 9, 1916. Ota tu, mwanangu. Ila ziwa lile linafika mita 1,470, nawe unajifunza 60. Tena uso wake uko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo hesabu za vituo ulizozoea Mombasa hazitumiki huko zilivyo. Muulize mwalimu wako.

Na huyo mwalimu umwombe radhi. Kisha mwambie akuvue maski ukiwa umechoka, ukiwa unapanda, ukiwa mikono imejaa kazi, si pale tu mnapopiga magoti mchangani mkingoja zamu. Ikivuliwa, vuta pumzi tatu za polepole kwanza, usikimbilie kuitafuta. Maski ya akiba iweke mfuko wa paja, na uitoe kweli mazoezini. Nasikia maski mpya isiposuguliwa kwa dawa ya meno inafanya ukungu. Basi isugue sasa, kule chini hutakuwa na mswaki. Na peke yako usifanye zoezi hili hata kwenye maji ya magoti.

Mama yako hajui habari ya yule mtu wa Bukama, na usimwambie. Anachojua ni video uliyotuma mwezi jana, ambamo mapovu yanakutoka kwa fujo kama sufuria ya bukari inayochemka. Akaniuliza, “Mbona mtoto anapumua hivyo?” Sikuwa na jibu. Nitumie nyingine Jumamosi, maski ikiwa mkononi. Nitayahesabu hayo mapovu kabla sijamwonyesha.

Mjomba wako