Maiki Ikilia, Msimtukane Fundi Kwanza

Ile klipu ya staa wetu mmoja (jina kapuni) akimfokea fundi mitambo jukwaani nimeiona, na komenti zenu nimezisoma. Wote mmemshukia fundi. Sasa ngoja niwape stori.

Kabla sijaanza kuwaletea umbea huku, nilikuwa nabeba spika na kuvuta nyaya kwenye shoo za hapa Dar, chini ya fundi mmoja niliyezoea kumwita kaka. Siku moja tulifika ukumbini asubuhi. Saa tisa alasiri bendi ikaja kufanya saundi cheki, staa hakutokea. Alimtuma mpambe wake aje kuhesabu moja mbili, moja mbili. Sauti ya mpambe na ya bosi wake wapi na wapi? Halafu ukumbi mtupu una mwangwi. Watu wakijaa, miili yao inameza sauti, kwa hiyo ulichopanga mchana usiku unakigusa upya.

Staa (siyo huyu wa kwenye klipu) kapanda saa saba usiku. Kashika maiki kwa mapozi, kiganja kimefunika kichwa chote kama mtu anaficha pipi, akashuka kuwafuata mashabiki mbele ya spika kubwa. Nyiiiiii! Ukumbi mzima mikono masikioni. Iko hivi: maiki inanasa sauti ya spika, mitambo inaikuza, spika inaitoa tena, maiki inainasa tena. Na kile kichwa kina matundu kwa nyuma yanayoisaidia maiki isisikie vya pembeni. Ukiyaziba, inasikia kila kitu. Kaka akapunguza. Staa: "Sijisikii! Ongeza!" Akaongeza. Nyiiiiii! "Nani kamleta huyu fundi?" Mashabiki wakazomea.

Promota alimlipa nusu. Kabla ya kumkata aliniuliza mimi, "Dogo, saundi cheki mlifanya?" Nikajibu ndiyo, bendi ilikuja. Nikaishia hapo. Sikusema staa hakuja, maana wiki iliyofuata promota huyo huyo alikuwa na shoo nyingine na mimi nilitaka kazi. Na niliipata. Kaka hakuitwa tena, siku hizi anafunga madishi Mbagala.

Jana usiku nikamtumia ile klipu WhatsApp, bila neno. Kajibu baada ya dakika mbili: "Dogo, si unaona kaziba maiki?"