Harlem, Mtaa wa Mtoto wa Wahamaji

Msafiri afikaye Harlem kwa treni ya chini ya ardhi, akashukia stesheni ya Mtaa wa 135, hutokeza juu katika njia panda yenye majengo mawili yasiyopitwa hivi hivi. Upande mmoja ipo Hospitali ya Harlem, ambayo imehifadhi michoro mikubwa ya ukutani iliyofanywa na wasanii Weusi mwishoni mwa miaka ya 1930. Upande wa pili ipo maktaba ya Schomburg, ghala la vitabu, hati na picha za historia ya watu Weusi wa dunia nzima. Katika mitaa inayoizunguka njia panda hii, kijana mmoja wa kimaskini alijifunza kuchora. Jina lake ni Jacob Lawrence. Ukitaka kuielewa Harlem, ndugu msomaji, huna budi kuisikia habari yake.

Lawrence hakuzaliwa Harlem. Alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Atlantic City, jimbo la New Jersey. Baba yake alitoka South Carolina na mama yake alitoka Virginia. Wote wawili walikuwa watu wa Kusini waliofuata riziki Kaskazini. Hawakuwa peke yao. Kati ya mwaka 1910 na 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni sita waliyahama majimbo ya Kusini. Utumwa ulikuwa umekwisha kwa sheria tangu mwaka 1865, lakini mkulima Mweusi aliendelea kulima shamba la mwingine, akigawana mavuno na mwenye shamba, na mwisho wa mwaka akijikuta bado anadaiwa. Fukusi wakaishambulia pamba. Watu wakanyongwa na makundi ya wahuni bila ya kupelekwa mahakamani. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikazuia wahamiaji wa Ulaya, na viwanda vya Kaskazini vikakosa wafanyakazi. Basi watu wakafunga mizigo yao wakaenda stesheni.

Safari hiyo haikuzifikisha familia zote salama. Wazazi wa Lawrence walitengana angali mdogo. Mama alilazimika kuwaacha watoto wake watatu katika malezi ya watu wengine mjini Philadelphia, naye akaenda New York kutafuta kazi. Mwaka 1930 ndipo alipoweza kuwachukua akaja nao Harlem. Jacob alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Harlem aliyoikuta ilikuwa imejaa watu, na kazi zilikuwa zimeadimika kwa ajili ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mama alikuwa akishinda kazini katika nyumba za watu. Kwa kuhofia mtoto asipotelee mitaani, alimpeleka katika kituo cha watoto kiitwacho Utopia, ambako baada ya masomo walifundishwa kazi za mikono. Mwalimu wa kuchora alikuwa Charles Alston, ambaye baadaye alichora baadhi ya michoro ile ya Hospitali ya Harlem. Mwalimu huyo alikuwa na busara: alipoona mtoto ana namna yake mwenyewe ya kupanga rangi, hakumlazimisha kuiga. Na namna hiyo kijana aliitoa wapi? Aliitoa nyumbani. Mama alipenda kuipamba nyumba yake kwa mazulia yenye nakshi na rangi kali, na mtoto alianza kwa kuzifuata nakshi hizo.

Shule ya pili ilikuwa maktaba. Mwaka 1926 maktaba ya Mtaa wa 135 ilipata mkusanyo wa Arturo Schomburg, mtu wa Puerto Rico aliyetumia maisha yake kutafuta maandishi na kazi za watu Weusi ili kuonyesha kwamba watu hao wana historia. Hapo Lawrence alisoma mambo ambayo shuleni hakuyasikia. Akamchora Toussaint L'Ouverture, mkombozi wa Haiti, katika picha 41. Kisha Frederick Douglass katika picha 32. Na Harriet Tubman, mama aliyewatorosha watumwa kwenda kwenye uhuru, katika picha 31. Aliona kwamba picha moja haiwezi kubeba maisha ya mtu mzima, sembuse maisha ya taifa.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, alipata msaada wa fedha wa mfuko wa Rosenwald. Akakodi chumba katika Mtaa wa 125 kwa dola nane kwa mwezi. Safari hii aliazimia kuchora jambo lisilo na jemadari wala shujaa mwenye jina: safari ya watu kama baba na mama yake. Alikwenda tena maktaba, akasoma kwa miezi, akaandika maelezo mafupi ya kila picha. Gwendolyn Knight, msanii mzaliwa wa Barbados ambaye baadaye alikuwa mkewe, alimsaidia kuziandaa mbao na kuyatengeneza maelezo hayo. Zilikuwa mbao 60, kila moja ya sentimita 30 kwa 46 hivi. Alizitandaza zote, akatia rangi moja katika mbao zote zilizoihitaji, kisha rangi nyingine, hata zikamalizika pamoja. Ndiyo maana ukizitazama unaona mkono mmoja na siku moja, kana kwamba watu wote hao wamevaa nguo za kitambaa kimoja.

Picha ya kwanza ni ya stesheni. Umati unasongamana kwenye milango mitatu iliyoandikwa Chicago, New York na St. Louis. Huoni sura za watu. Unaona kofia, makoti na migongo iliyoinama. Mbele zaidi yuko mume na mke mezani, na bakuli mbili tu. Yuko mwanamke dobi aliyevaa nguo nyeupe, akikoroga nguo za rangi kwa mti mrefu. Wala mchoraji hakuificha Kaskazini. Zipo nyumba za Weusi zikiungua kwa mabomu, na ipo hoteli ambamo kamba ya manjano imetenga meza za Weusi na za Weupe. Lakini wapo pia wasichana watatu wakiandika tarakimu ubaoni, kila mmoja akinyoosha mkono wake juu kuliko mwenzake.

Jambo la ajabu ni hili: alipozichora picha hizo, Lawrence alikuwa hajapata kuiona Kusini. Alichokuwa nacho ni mazungumzo ya wakubwa aliyoyasikia utotoni, kwamba familia nyingine imefika jana, haina makaa wala nguo za baridi. Maneno hayo ya jikoni ndiyo aliyoyapeleka maktaba kuyapima kwa vitabu. Baada ya kumaliza kazi, mwaka 1941, alimwoa Gwendolyn wakaenda New Orleans. Huko akaishi mwenyewe chini ya sheria za ubaguzi, akachora baa iliyogawanywa kwa ukuta katikati, Weupe huku na Weusi kule. Mama na majirani hawakuwa wametia chumvi.

Mwaka 1942 picha zile 60 ziliuzwa, na zikatenganishwa. Zile za namba witiri zilikwenda makumbusho ya Phillips mjini Washington, na zile za namba shufwa zilikwenda Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, kila fungu kwa dola elfu moja. Hivyo umati ule wa stesheni ya kwanza unakaa mji mmoja, na wale wanaongoja treni katika picha ya mwisho wanakaa mji mwingine, kama ndugu wa ukoo wa wahamaji. Mara chache hukutanishwa, kama walivyokutanishwa New York mwaka 2015, kisha hurudi kila mmoja kwake.

Lawrence aliendelea kuchora na kufundisha hata alipofariki Seattle mwaka 2000. Mama zetu nao wanayo maneno ya jikoni, nayo hupotea wakipotea wao, ila nyumba ikibahatika kupata mtoto asikilizaye.

Msafiri amalizapo kutazama maktaba na arudi chini ya ardhi katika stesheni ile ile ya Mtaa wa 135. Treni itampeleka hadi Times Square. Huko, ukutani, ipo kazi ya Lawrence ya vipande vya kioo iliyowekwa mwaka 2001, baada ya kifo chake. Inaonyesha abiria wakiwa safarini. Na mbele yake, mchana na usiku, abiria wengine wanapita na mizigo yao.